Mshale wa Mikato Mitatu

...anasemaje, Inspekta aliuliza, Anasemaje huyu mzee, karani, na Guleid Korane alikuwa amekwisha kusikia mzee anasemaje, alikuwa amesikia vizuri mno, maneno manne ya Kisomali ambayo mtoto yeyote wa sokoni angeyafasiri bila kuacha kutafuna, Nimeuokota huko njiani, basi, hayo tu, na kwa miaka kumi na miwili aliyofasiri kwenye veranda hii ya Garissa, chini ya bendera mbili, hakuwahi kukwama, alifasiri magomvi ya visima na talaka na ngamia walioibwa, alifasiri matusi akayapunguza ukali na maombi akayaongeza adabu, na sasa maneno manne yamemshinda, kwa sababu mzee aliyeketi pale sakafuni, miguu imekunjwa, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya katani, ni Dagane, Dagane wa Sangailu, na anasema uongo, na Guleid anajua ni uongo, kwa kuwa mshale uliolala mezani kati ya daftari la silaha na kikombe cha Inspekta una mikato mitatu ya kuzunguka na mmoja wa mshazari, na mikato hiyo aliichoma yeye mwenyewe kwa msumari wa moto, mwezi wa Februari mwaka 1951, alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mitatu kwa majina matatu, Guleid, Korane babake, Bulle babu yake, na ule wa mshazari kwa sababu msumari uliteleza, ukateleza ukawa alama, hakuna mtu mwingine duniani ambaye msumari wake uliteleza pale... usimtazame, usimtazame mzee, tazama daftari, wino umekauka kwenye ncha ya kalamu, chovya tena, mtu anayechovya kalamu ana haki ya kunyamaza kidogo.

Hauna sumu, Inspekta alikuwa akisema, ameuinua mshale hadi puani, Sisi Wakamba wa Mwingi hatudanganywi na mshale, karani, hauna sumu na ncha yake haina miiba, huu haukutengenezwa kuua hata sungura, lakini niambie, nani anatembea na mshale mmoja bila upinde, mwaka huu wa 1966, bila pasi, kutoka huko chini Ijara mpaka darajani, ameuviringisha kwa kitambaa kama mtoto mchanga, huyu hakuwa anaenda kuwinda, huyu alikuwa anapeleka barua, na mimi nataka kujua barua ni ya nani, kwetu kila ukoo una alama yake, babu yangu angeutazama huu akakutajia mwenyewe na mama aliyemzaa, kwa hiyo mwulize tena, alama hii ni ya nani, kwa sababu mwenye alama hii nikimpata atapanda lori moja na yeye. Na lori lilikuwa pale uani, limeelekezwa mlangoni, dereva ameacha injini ikinguruma maana akiizima haiwaki tena bila kusukumwa, na nyuma walikuwa wamekwisha kupanda watu wawili, mmoja ni mchunga ng'ombe aliyekutwa na ganda tupu la risasi alilotilia tumbaku, na saa sita lori litaondoka, na wanaoondoka nalo, Guleid ndiye anayeandika majina yao, matatu matatu, jina lake na la babake na la babu yake, kwa mwandiko wa shule, hata kama hakuna mtu mwingine anayejali, askari wangeandika mzee mmoja mshale mmoja wakaridhika, kama walivyoandika leo asubuhi kabla hajafika, mzee 1, mshale 1, lakini Guleid amezoea kuwafutia na kuandika upya, mtu akipotea angalau apotee na majina yake yote, na sasa anatazama mstari ule wa kwanza na kuona kwamba hawezi kuufuta, kwa sababu majina matatu ya Dagane hayajui, miaka miwili alifundishwa na mtu huyu kila Alhamisi na Jumamosi na hakuwahi kumwuliza babake aliitwa nani... hakuwahi, Mwalimu Alio Gelle alimwita Dagane, wavulana walimwita Dagane wakati walipokuwa na heshima na wakati hawana walimwita yule wa asali, kama wanavyowadharau wawindaji wote wa msituni, naye Guleid alimwita adeer, baba mdogo, kwa sauti ya chini, na wenzake wakiwa mbali tu.

Mwalimu Alio Gelle ndiye aliyelianzisha jambo lote, alikuwa amesoma katika gazeti la zamani la picha kwamba Wazungu kwao wanashindana kwa pinde, wanawake kwa wanaume, wamevaa nyeupe, wanapiga duara lenye rangi, akasema shule yetu haitashindwa, akachukua gunia la mtama, akalijaza majani makavu, akalipaka maduara matano, la katikati kwa manjano ya bizari aliyoiba jikoni mwa mkewe, halafu jekundu la udongo, halafu la buluu ya kufulia, halafu jeusi la masizi, halafu jeupe la chaki, tisa, saba, tano, tatu, moja, akatandaza kamba ardhini akapima yadi thelathini, arobaini, hamsini, akatuma watu kumtafuta mpiga upinde wa kweli, na baada ya wiki tatu akaja Dagane kutoka Sangailu kwa miguu, mtu mfupi, mkavu, podo la ngozi begani, akalizunguka gunia lile mara mbili kama mtu anayetaka kulinunua, akawauliza wavulana kwa Kisomali chake cha msituni, Gunia hili limekula mbuzi wa nani, wakacheka mpaka Mwalimu Alio akakasirika, naye hakucheka, alikuwa anauliza kweli, hakuona sababu ya mtu mzima kukipiga kitu ambacho hakikimbii na hakiliwi... na Duale, Duale alikuwa na ulimi, Waryaa Guleid, baba yako ana mkuki na ngamia arobaini na wewe unataka upinde kama wale wa asali, kesho tutakukuta umepanda mti unalamba masega, na mama yako atamwambia nani, na kila mtu akacheka, Guleid naye akacheka, alicheka pamoja nao halafu Alhamisi akarudi uwanjani peke yake, kwa sababu mkononi mwake kulikuwa na kitu ambacho hakuweza kumweleza Duale, pale kamba inapovutwa mpaka pembeni ya mdomo na dunia yote inanyamaza, ngamia wa babake, kengele ya shule, wavulana thelathini wa bweni, vyote vinakaa kimya, unabaki wewe na ile manjano ndogo, na hakuwahi kuwa peke yake namna ile na asisikie upweke. Sasa Duale yuko ng'ambo ya mpaka, wanasema, au yuko chini ya mchanga, wengine wanasema hivyo, na Guleid huambiwa habari zake na watu wanaotazama pembeni wanapozisema, maana ni karani wa serikali, na huko sokoni wanaitikia salamu yake nusu, wa alaykum, halafu wananyamaza mpaka apite, na hapa ofisini wanamwita wewe wa upande ule, kwa utani, utani tu, na yule karani mwenzake aliyeitwa mwezi wa Machi kwenda kuulizwa swali moja, kofia yake bado ipo nyuma ya mlango kwenye msumari, hakuna aliyeiondoa, Guleid anaiona kila asubuhi anapotundika yake.

Chai yako nimeweka bale, karani, alisema Nurto, mwanamke wa chai, akipita na birika, Kunywa kabla nzi hajakunywa, akamtazama mzee sakafuni, akaitazama kamba mikononi mwake, akasema Subhanallah kwa pumzi na kwenda zake, na kule ndani redio ikakoroma, askari akatoka akasema, Afande, unaitwa kutoka Wajir, Inspekta akasimama, akauweka mshale mezani sawasawa kabisa, sambamba na ukingo wa daftari, Dakika tano, karani, nikirudi nataka neno moja, ya nani, tena hata huna haja ya kufasiri, jina halifasiriwi, akaingia, na verandani wakabaki watatu, Guleid na mzee na askari mmoja wa mlangoni ambaye Kisomali chake ni kuja na keti na maji.

Yadi nne hivi kati ya meza na mzee, si zaidi, macho ya Guleid yakazipima bila kuombwa, na Dagane akasema, hakugeuza kichwa, alikuwa akiutazama ua kana kwamba anaongea na lori, Andika nimeuokota, sauti ileile, kavu, isiyo na haraka, ile iliyokuwa ikisema vuta pumzi, achia nusu, ishike nusu, Andika hivyo, mtoto wa Korane, mimi nimezeeka na huko wanakonipeleka watanipa uji... halafu, Wangu upo? Na hapo Guleid akahisi kitu kikidondoka ndani yake kwa umbali mrefu, kama ndoo kisimani, kwa sababu alikuwa amejidanganya asubuhi yote kwamba hajui mzee amekuja kutafuta nini Garissa, eti labda chumvi, labda dawa ya macho, labda ndugu aliyezungushiwa uzio katika kile kijiji kipya, na alijua, alijua tangu kitambaa kilipofunguliwa, kwa kuwa desturi hiyo alifundishwa na mtu huyuhuyu chini ya mgunga nyuma ya bweni, mwaka ule wa kwanza, siku waliyobadilishana.

Dagane alikuwa amechagua mmoja katika podo lake, mti wake umenyooka kama uzi wa maji, manyoya ya tai yamefungwa kwa ukano na kupakwa gundi yake ya nta na utomvu, ile yenye harufu ya mizinga, na alama yake, nukta mbili na duara, jicho la nyuki kama alivyoliita, akasema, Huu wako, na wewe nipe mmoja wako, na Guleid aliona haya kumpa, yake ilikuwa imepinda, manyoya ya kuku, akasema, Adeer, huu wangu haufai, Dagane akautazama mkato wa mshazari akasema, Ulipokuwa hauna alama ulikuwa kuni, sasa una jina, unafaa, kisha akamweleza, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani, kwamba kwao mnyama si wa aliyevuta kamba, mnyama ni wa mwenye mshale, ukiupiga wangu ukapata, unasimama palepale kabla hujasogea hatua, unaita jina langu, watu wasikie, Wa Dagane, na mimi nikipiga wako naita Guleid, nyama itagawanywa baadaye, hilo si neno, neno ni kuita, na mtu akizeeka akaona siku zake, anaurudisha wa mwenzake na kuchukua wake, hazikwi akiwa ameshika jina la mtu, akauliza, Umesikia? Nimesikia, adeer. Sema tena. Nikipata kwa mshale wako nitaita Dagane. Vizuri, akasema, sasa nenda ukalipige gunia lenu kabla halijatoroka.

Alisikia, ndiyo, na alilisema mara mbili kwa kinywa chake, na mwaka uliofuata, Jumamosi ya tarehe 16 Agosti 1952, michezo ya wilaya, bendera kumi na mbili kwenye kiwanja cha mtoni, viti vya Bwana DC na mkewe chini ya turubai, mbio za ngamia zimekwisha, kuvuta kamba kumekwisha, askari wa kikabila wameshinda, na saa kumi alasiri upinde, washindani tisa, Wakamba watatu wachimba visima, Wapokomo wawili, wavulana watatu wa shule, na Dagane aliyeandikwa na Mwalimu Alio kwa jina la Sangailu kwa sababu fomu ilitaka mahali, yadi thelathini wakabaki sita, yadi arobaini wakabaki watatu, na yadi hamsini, mishale sita kila mmoja, mpaka mshale wa tano Guleid na Dagane walikuwa wamelingana, thelathini na tatu kwa thelathini na tatu, na Mkamba amebaki nyuma kwa nne, na Dagane akapiga wake wa sita, saba, jekundu, pembeni kidogo ya manjano, akarudi nyuma akachuchumaa, na Guleid akatia mkono kwenye podo na kukuta wa sita wake umepasuka pale kamba inapokaa, ufa mrefu, ungemvunjikia usoni, na uliobaki ulikuwa mmoja tu, wenye jicho la nyuki. Akamtazama Dagane. Dagane akatikisa kichwa, ndiyo, piga. Upepo ulikuwa unatoka mtoni, polepole, na ulimnyookea mkononi mshale ule kama kitu kilichowahi kupita njia hiyo, hakuusikia ukiondoka, aliona tu kwamba ile manjano ya bizari imeota unyoya katikati, na watu wakapiga kelele, na mzee mmoja wa Kisomali akainua fimbo, na karani wa michezo akakimbia mpaka kwenye gunia, akainama, akasoma alama, akarudi uso umekunjamana, Bwana, huu uliopo katikati una alama ya yule wa Sangailu, na wa Sangailu amekwisha kupiga sita yake, na Bwana DC akainuka kitini akiwa na karatasi yake, akauliza, kwa Kiswahili chake cha kukanyaga kila neno, Mshale, huu, ni, wa nani?

Ni wa nani... na mtu angetarajia kwamba aliwaza sana, kwamba kulikuwa na vita moyoni, hapana, hakukuwa na vita, kulikuwa na Duale na wavulana wote wa bweni wamejipanga kwenye kamba, na babake Korane Bulle amekuja na mkuki wake kwa mara ya kwanza kumwona mwanawe akifanya jambo lile la aibu, na kikombe cha fedha kinang'aa juu ya meza yenye kitambaa, na kuita jina la mwindaji wa asali kwa sauti mbele ya watu hao wote, Wa Dagane, tena akiwa amesimama, tena kwa fahari, kama alivyofundishwa, hapo ulimi ulimfia, na kilichotoka kilikuwa neno moja dogo, la kweli kwa kanuni za Bwana DC, kwa maana yeye ndiye aliyevuta kamba, hakuna hakimu ambaye angemtia hatiani, Wangu, akasema, na karani wa michezo akaandika tisa, na Dagane pale alipochuchumaa akabaki kumtazama, alikuwa ameinua uso kidogo kama mtu anayesubiri kusikia akiitwa, alisubiri kweli, alisubiri mpaka kikombe kikatolewa, mpaka Bwana DC akampa mkono Guleid akamwuliza jina lake kamili na babu yake na kama anajua kupiga chapa, mpaka watu wakaanza kutawanyika, kisha akainuka, akakung'uta vumbi magotini, akaenda akauchomoa mshale wake kwenye gunia, akaurudisha kwenye podo la Guleid kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kilichotolewa kimetolewa, akatembea kuelekea Sangailu, hakuaga, hakukasirika, hilo ndilo alilolibeba Guleid miaka hiyo yote, kwamba hakukasirika, laiti angetukana.

Na kikombe kilileta nini, kilileta treni kutoka Thika mpaka Nairobi mwezi wa Oktoba, uwanja wa majani yaliyonyolewa kama kichwa, watu weupe wenye pinde zilizopakwa vanishi, akawa wa tisa kati ya kumi na mmoja, wakampigia makofi ya upole, akala peke yake kwenye benchi chini ya ukuta mkate wenye kitu ndani asichokijua kama ni halali, akauacha, akarudi na njaa, na hakuvuta upinde tena, si kwa kiapo, ila kila alipouinua dunia ilikataa kunyamaza, kulikuwa daima na mtu mmoja aliyechuchumaa pembeni akisubiri, na mwaka 1954 Bwana DC akakumbuka yule kijana wa upinde, akampa kiti hiki, meza hii, kalamu, na kikombe chenyewe mkewe Batula hutilia sukari, mfuniko wake ni kisahani, wageni wakija wanasifu, siku hizi wageni hawaji.

Wangu upo, Dagane aliuliza tena, si kwa kusukuma, kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha upande ule, na askari wa mlangoni akasema, Acha maneno hapo, lakini alisema kivivu, alikuwa akitazama korongo wawili juu ya paa la stoo wakigombania utumbo, na Guleid akaiona tena ile siku ya gari lenye kipaza sauti, mwaka jana, kila silaha iletwe, mkuki, panga refu, upinde, atakayekutwa ni shauri lake, na Batula mlangoni akiwa na mimba ya miezi saba, mkono kiunoni, Guleid, kile kijiti chako cha juu ya kabati kitatuua, na yeye akijibu, Si kijiti, akauchukua, ungeweza kuufukia, ungeweza kuupeleka kwa Mwalimu Alio kule Rhamu, angejua la kufanya, lakini aliona buti mlangoni katika kila sauti, akauvunja juu ya goti, mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ulikataa, akautia kati ya mafiga chini ya sufuria ya maharage, na nta ikatoa moshi mweusi... na sasa kuna dakika mbili labda, au moja, sauti ya Inspekta ndani inasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa, ndiyo, na mtu anaweza kusema upo, adeer, upo nyumbani salama, mzee apande lori na furaha hiyo, hiyo pia ni hisani, ni nani atakayejua, na ulimi wake ulikuwa tayari umelishika neno hilo, mwepesi, umezoea, akasema, Niliuchoma.

Dagane hakugeuka. Lori lilinguruma. Ulinuka, akauliza. Nini? Ulipoungua, ulinuka? Ulinuka, adeer, nta, nyumba nzima, siku mbili, Batula alifungua madirisha yote. Mzee akatikisa kichwa polepole, na pembeni mwa mdomo wake pakaja kitu ambacho Guleid alikisahau, kitu kilekile cha siku ya gunia, si kicheko, Basi ulikuwa wangu, akasema, na akafumba macho kama mtu aliyelipata alilolifuata, na Guleid akabaki amekaa na kalamu yake, akashangaa, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hicho, alijiandaa kwa laana, kwa kilio, kwa yale macho ya kusubiri, na hakukuwa na kusubiri tena pale chini, mzee amemaliza shughuli yake Garissa, ameurudisha wa mwenzake, amesikia habari ya wake, hana jina la mtu mkononi, anaweza kupanda lori, anaweza kula uji wao, aliyebaki na jina la mtu ni mwingine, yupo hapa mezani, amevaa shati lililopigwa pasi... na kumbe ndiyo maana amesema ameuokota njiani, si uzee, si uji, ni kwamba kwa hesabu yake Dagane hakuna anachodaiwa na hakuna anachodai, akitaja jina la Guleid mbele ya hawa watu wa bunduki litamuua Guleid, basi amelificha, mtu ambaye jina lake halikuitwa alipostahili kuitwa amelificha la aliyemnyima, kwa pumzi moja, bila kupepesa, kama kitu kidogo.

Mlango ukafunguka, Inspekta akarudi akijifuta shingo, akaketi, akagusa kikombe chake, kimepoa, akakisukuma. Haya, karani. Nilikuacha na swali moja. Na Guleid akaona yote kwa pamoja, kofia kwenye msumari nyuma ya mlango, na msumari wa pembeni yake wenye kofia yake mwenyewe, Batula na mtoto wa miezi minane anayeota meno, kiti kile cha lori upande wa kulia kilichobaki wazi, na zile safu za daftari alizozipiga mwenyewe kwa rula, nambari, aina ya silaha, mwenye silaha, na kwenye safu ya tatu nafasi tupu, ndefu ya kutosha majina matatu, na dunia, aliigundua kwa mshangao, ilikuwa imenyamaza, korongo juu ya paa, redio, injini, vyote vimekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, bado yadi nne, bado upepo kutoka mtoni, bado kuna mtu pembeni lakini safari hii amefumba macho, hasubiri chochote kwa mtu yeyote, hakuna anayemlazimisha, hakuna anayemtazama ila nzi ukingoni mwa chai ambayo hakuinywa, vuta pumzi, achia nusu, ishike nusu, Mshale huu ni wa nani, Inspekta alisema, kila neno peke yake, anasemaje huyu mzee, karani, ni wa nani, na Guleid akaichovya kalamu, akaiweka kwenye safu ya tatu, akaachia.

Wangu, Afande, akasema, na huyu uliyemfunga kamba ni adeer wangu, anaitwa Dagane, ngoja nimwulize jina la babake.